Watu Kadhaa

"Wangapi?" Sauti ya mwanamke ilipaa kutoka getini. "Kipaza, usituzungushe! Wangapi?"

Aliyeitwa Kipaza alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha ofisi, maikrofoni mkononi. Ukungu ulikuwa umeteremka tangu alfajiri, ukachanganyika na vumbi lililokuwa likitoka mdomoni mwa shimo, hata nyuso za wanawake waliojazana nyuma ya vyuma vya geti zilionekana kama zimechorwa kwa majivu. Maneno aliyokuwa ametoka kuyasema yalikuwa bado yanarudi. Yalikuwa yamekwenda kugonga kilima cha kifusi ng'ambo ya yadi, sasa yanarejea yamepoa: watu kadhaa... kadhaa...

"Ndivyo nilivyoambiwa," alisema. Alisahau kuzima maikrofoni, na kilima nacho kikasema hivyo hivyo.

Nyuma yake Injinia alikuwa akifuta miwani kwa ncha ya shati. Alikuwa amesema kwa Kiingereza kwamba handaki la chini limeporomoka na kwamba "a number of men" wamenaswa humo. Kisha akageukia miwani yake, kama mtu aliyeweka mzigo chini na hataki kuuona tena.

Kazi aliyoajiriwa Kipaza ilikuwa kufagia ofisi na kuchemsha chai. Lakini alikuwa amemaliza sekondari, na Injinia, mgeni aliyekuja na Kiingereza chake na asijisumbue kujifunza lugha nyingine, alipogundua hilo alimkabidhi maikrofoni. Tangu hapo kila tangazo la mgodi lilipita kinywani mwake: zamu zimebadilika, maji ya kunywa yamekatika, baruti zitapigwa mchana. Watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Akawa Kipaza, na mwenyewe akazoea kuitika.

Taabu yake ilikuwa moja. Injinia hakupenda kutaja namba.

"A couple of", shuleni alifundishwa kwamba ni wawili, kama mtu na mkewe. Kwa Injinia iliweza kuvutika kama mpira. Siku moja alisema anarudi baada ya "a couple of minutes", Kipaza akaacha maharage jikoni akamngojea mlangoni na funguo zake, na mpaka Injinia anarudi, maharage yameshakuwa makaa. "A few" walikuwa wachache, ila wachache wa mwenye shamba si wachache wa mwenye bustani. "A handful of" alilitangaza mara ya kwanza kama alivyolisikia: "Kesho tutapokea kiganja cha wageni." Geti zima liliangua kicheko. Muuza chai, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali, hakuliacha neno lile lipoe. "Karibuni, kiganja cha wateja!" akawa anaita kila asubuhi. "Leo mmekuja kiganja au mmekuja kikapu?" Likabaki hivyo. Hata watoto wa mtaani wakawa wanacheza mpira kiganja kwa kiganja.

Lakini "a number of" haikumchekesha mtu.

Aliwahi kumuuliza: "Bwana Injinia, ni namba gani hiyo?" Injinia alicheka, akasema si namba yoyote, ni namna ya kusema tu. Kipaza aliendelea kufagia, na mtu anayefagia miguuni pa watu husikia mengi. Akaona kwamba Injinia alilitumia neno hilo pale tu alipokuwa anaijua namba barabara. Sepetu zilipovunjika, alizihesabu mwenyewe stoo, kisha kwenye simu zikawa "a number of shovels". Wafanyakazi walipopunguzwa, aliwachagua mmoja mmoja kwa kidole, kisha kwenye tangazo wakawa "a number of workers". Kipaza alilitafsiri kwa kusema kadhaa, na wanawake wa getini hawakuhitaji kwenda shule ili walielewe. Wakisikia wachache, walibaki wamesimama. Wakisikia kadhaa, walikaa chini.

Na sasa walikuwa wamekaa chini, wote, juu ya udongo mbichi.

Kipaza hakuweza kukaa. Kitinda alikuwa humo shimoni. Huyo ndiye mdogo wake wa pekee, aliyeachiwa na mama yao angali anatambaa. Alimbeba mgongoni kwenda naye kisimani, alimfunga kamba za viatu, alimchapa alipotoroka shule na kulia usiku peke yake kwa kumchapa. Alipotaka kuingia mgodini walinuniana mpaka majirani wakaingilia. "Dada, mimi si mtoto," Kitinda alisema. Asubuhi hiyo alipita ofisini kabla ya zamu, akadokoa mkate wake, akakimbia huku akicheka.

Kipaza aliteremka ngazi, akaelekea chumba cha kubadilishia nguo. Muuza chai, ambaye mume wake naye alikuwa chini, alimfuata kwa upande wa pili wa uzio, wakakutana dirishani, mmoja ndani, mmoja nje.

Humo kulikuwa na rafu ndefu ya mbao. Wachimbaji hawakushuka na viatu vyao. Walivaa mabuti ya mgodi, na viatu vyao wenyewe wakaviacha hapo, kila mtu mahali pake, hadi atakapopanda. Hapo ndipo wanawake walipozoea kuchungulia zamu inapochelewa.

"Viatu havina Kiingereza," alisema muuza chai. Sauti ilikuwa ndogo, si ile ya kuuzia chai.

Kipaza aliviangalia. Kandambili za Kitinda zilikuwa karibu na ukuta, mkanda mmoja umeshonwa kwa waya. Vilikuwepo viatu vya kila mtu, na vilikuwa vimeelekea mlangoni, vidole mbele, kama vile wenyewe wamevivaa na wanangoja kuruhusiwa kutoka.

"Shemeji yako ameacha vile vya kanisani," alisema muuza chai. "Nimemwambia hata leo, hivi utaviharibu. Mbishi yule! Akitoka namtia makofi kwanza, ndipo nimkumbatie."

"Atatoka."

"Kauli hiyo ni ya kwako au ya Injinia?"

"Ya kwangu."

Walishikana vidole kupitia nondo za dirisha.

Jua lilikuwa juu, jeupe nyuma ya ukungu kama sahani, winchi ilipoanza kuguna. Kamba, mwokoaji aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake na kwa kazi yake, alikuwa ameshuka na wenzake kwa njia ya hewa, na walikuwa wametoboa. Waya wa winchi ulivutika, ukatoa mlio mwembamba, na kizimba cha kupandishia watu kikachomoza.

Walitoka wakiwa wa rangi moja. Kijivu nywele, kijivu kope, kijivu midomo. Hakuna aliyekohoa. Hilo Kipaza alilikumbuka baadaye, kwamba watu walikuwa wamemeza vumbi tangu asubuhi na hakuna hata mmoja aliyekohoa. Waliteremka kizimbani wakiwa wameshikana mabega, wakapewa mablanketi, wakaelekezwa kwenye banda la kupumzikia, mkabala na ofisi. Kizimba kikashuka tena, kikapanda tena. Na kila walipopita kwenye chumba cha kubadilishia, viatu vilipungua rafuni.

Muuza chai alimtambua mumewe kwa mwendo. Hakumtia makofi. Alimshika sikio kupitia nondo za dirisha, kama anayehakikisha limeshikana na kichwa, akaanza kulia kwa sauti ambayo haikuwa na aibu yoyote.

Kitinda alitoka na kizimba cha mwisho.

"Mdogo wangu," alisema Kipaza. "Mdogo wangu mimi."

"Dada," alijibu Kitinda, akamtazama kama mtu anayetafuta neno. "Ule mkate ulikuwa mtamu."

Akaenda kuzivaa kandambili zake. Rafu ikabaki tupu, mbao tu, na alama za visigino. Wote walioshuka walikuwa wamepanda. Getini wanawake walianza kupiga vigelegele hata kabla ya kutangaziwa, na Kipaza alipanda ngazi za ofisi miguu ikiwa myepesi, akijua kwamba mara hii Injinia ataitaja namba yote nzima bila kuogopa.

Alimkuta Kamba yuko mbele ya meza ya Injinia. Alikuwa amevua kofia ya chuma na ameibana tumboni kwa mikono miwili.

"Mwambie," Kamba alimwambia Kipaza. "Mwambie amebaki mmoja."

Kipaza alifikiri hakusikia vizuri. "Rafu ni tupu, Kamba. Nimetoka huko sasa hivi."

"Nami nimetoka huko chini. Kuna mmoja, upande wa ndani kabisa, pembeni mwa pale walipokuwa wamekaa. Boriti imemlalia kifuani. Taa yake ya kichwani bado inawaka."

"Uso wake?"

"Ameelekea ukutani. Nimemshika mkono." Kamba aliigeuza kofia mikononi. "Ni wa baridi. Siyo baridi ya sasa hivi, ni ya tangu boriti ilipoanguka."

Kipaza alitafsiri. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumtafsiria Injinia namba iliyokuwa wazi, na Injinia aliikataa. Alisema haiwezekani. Alisimama dirishani, akaitazama rafu kwa mbali kupitia mlango uliokuwa wazi, akalitazama banda. Akauliza kama pengine ni mchimbaji wa miaka iliyopita. Kamba alitikisa kichwa: mabuti ni yale mapya, yaliyotolewa juzi, hayajapata hata kuchakaa soli.

"Nikipewa jeki nitamtoa kabla jua halijatua," alisema Kamba. "Atapanda, tutamwosha uso, tutamjua."

Injinia alichukua simu, maana ofisi kubwa ilikuwa ikingoja, na bila kumtazama Kipaza akamwagiza aende bandani. Awasimamishe mstari mmoja. Awahesabu, amwite kila mtu kwa jina lake, arudi na namba kamili.

Namba kamili. Miaka yote hiyo alikuwa akiingoja kauli hiyo, na sasa alitamani ingekuwa haijatamkwa.

Banda lilikuwa na harufu ya udongo uliofukuliwa. Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, mablanketi yamewafunika hadi vichwani, vikombe vya chai mikononi. Mvuke ulitoka vikombeni. Kipaza alisimama mlangoni, akanyoosha kidole cha shahada kumwelekea wa kwanza, akafungua kinywa.

"Dada, unafanya nini?"

Kitinda alikuwa ameinuka. Alimjia taratibu, akakishika kile kidole, akakishusha.

"Nimetumwa kuwahesabu."

"Usituhesabu."

"Ni namba tu, Kitinda. Watu wanaitaka huko nje."

"Kule chini tulihesabiana," alisema Kitinda. Alinong'ona, ingawa wenzake wote walikuwa wakisikia na hakuna aliyegeuka. "Giza lile huuoni hata mkono wako. Mmoja akasema tujihesabu, kila mtu aitike. Tulianza na huyu pale, tukazunguka. Tukatimia, dada. Hata mmoja hakupungua. Tulifurahi sana, tukaanza kutaniana, nani atanunua bia. Halafu mmoja akapapasa nyuma yake, akashika mguu."

"Mguu wa nani?"

"Ndilo tulilouliza. Kila mtu akasema, si wangu. Tukahesabu upya. Tukatimia upya. Na mguu upo pale pale." Aliinamisha kichwa. "Basi tukakubaliana tusihesabu tena. Mtu akiuliza tuko wangapi, tunamjibu, tupo wengi. Tupo wengi, lala. Tukaendelea hivyo mpaka tuliposikia nyundo za akina Kamba."

Kipaza alitafuta neno la kumtuliza, kama alivyokuwa akifanya Kitinda alipoamka analia utotoni. "Mlikuwa gizani. Giza hucheza na akili. Kamba atamtoa huyo mtu, tutamwona, tutajua ni nani."

"Ndiyo," alisema Kitinda. "Mtajua ni nani."

Akamshika mkono, akauingiza chini ya blanketi, akauweka juu ya kifua chake.

"Nilisikia boriti ikikatika, dada. Nakumbuka ikinilalia, hapa. Nakumbuka uzito wake." Macho yake yalikuwa mekundu katikati ya uso wa kijivu. "Sikumbuki ikitoka."

"Na wenzako? Wao wanakumbukaje?"

"Sijamuuliza mtu. Hakuna anayeuliza."

Kwenye benchi, mume wa muuza chai alikuwa amekishika kikombe chake kwa mikono miwili, ameinamia mvuke, hanywi. Mwenzake wa kushoto naye hanywi. Vikombe vyote vilikuwa vimejaa.

Kipaza aliuchomoa mkono wake haraka, kabla haujajua lolote.

Ofisini Injinia alikuwa amebana simu begani. "How many?" aliuliza.

Kipaza alisimama wima. Kwa mara ya kwanza tangu ajue Kiingereza, aliona jinsi lile neno lilivyoumbwa, na kwa nini watu wa kule lilikotoka walilihitaji. Lilikuwa kama pazia. Mtu aliweza kusimama nyuma yake na mdogo wake.

"A number of men, sir," alijibu.

Injinia alimtazama. Rangi ilimtoka usoni polepole, kuanzia midomoni. Kisha akaikariri kauli ile ile kwenye simu, kwa sauti kavu, akakata. Akasema handaki la chini si salama tena. Hakuna atakayeshuka. Lizibwe kwa zege, leo.

"Na yule?" aliuliza Kamba baada ya kutafsiriwa. "Tunamzibia mle?"

Injinia alivua miwani, akaanza kuifuta. Kamba aligeuka mlangoni kama mtu wa kwenda kuita wenzake washuke kwa nguvu. Kutoka pale alipokuwa, banda lilionekana lote, na kwenye benchi la mwisho alikuwepo kijana wake wa kumzaa, mwenye mabega membamba kama ya baba yake, blanketi limemteleza. Kijana aliinua mkono, akampungia baba. Kamba akashusha kofia, akatafuta swichi kwa kidole gumba, akaizima taa yake.

"Tangaza," alimwambia Kipaza bila kumwangalia. "Watu wanataka kwenda nyumbani."

Kipaza alitoka kibarazani. Wanawake walisimama, mmoja baada ya mwingine, wakikung'uta udongo kwenye nguo. Maikrofoni ilikuwa nzito kama jiwe.

"Tunawatangazia," alisema, "kwamba watu kadhaa wametolewa, wako salama."

Alingoja wamzomee. Alingoja ile sauti ya kuuliza wangapi. Alimwona muuza chai, mdomo wake tayari umefunguka, yeye aliyekuwa haachi neno lipite bila kulifanyia mzaha. Lakini muuza chai alitupa jicho bandani, kwa mume wake, na jambo fulani likapita usoni mwake. Akaufumba mdomo.

"Tumesikia, Kipaza," alisema. "Inatosha. Fungueni geti."

Kilima cha kifusi hakikurudisha kitu.

Waliondoka mmoja mmoja, kila mwanamke na wake, bila nyimbo, wakipeana nafasi njiani kuliko kawaida. Hakuna aliyesubiri mwenziwe. Majirani waliozoea kurudi pamoja siku hiyo walipita vichochoro tofauti, na milango ilifungwa mapema. Kutoka mgodini mashine ya zege ilianza kuzunguka.

Kipaza na Kitinda walifika nyumbani jua likiwa linaelekea kuzama. Alimkalisha kwenye kigoda uani, akamletea maji ya vuguvugu kwenye beseni jeupe la bati, na sabuni, na taulo. Alifanya yote hayo akizungumza mfululizo: kwamba paa linahitaji kuzibwa, kwamba kesho atampikia anachotaka, kwamba kazi ya mgodi basi, watatafuta nyingine, hata kuuza karanga ni kazi.

"Sawa, dada," alisema Kitinda. "Sawa."

Akatia mikono ndani ya maji. Akajimwagia usoni, shingoni, kichwani, vumbi lile lote la kijivu, tena na tena, na Kipaza alisikia maji yakirudi ndani ya beseni, matone mazito, kisha mepesi.

"Nimalizie mgongo," alisema Kitinda.

Alichukua kitambaa, akapiga magoti nyuma yake, akaanza kumsugua kama alivyomsugua alipokuwa mdogo, kutoka shingoni kwenda chini. Aliposuuza kitambaa alinyoosha mkono pembeni, akayatafuta maji kwa kupapasa. Macho yake aliyaweka kwenye ukuta wa ua, juu, mahali ambapo mwanga ulikuwa bado haujaondoka. Beseni lilikuwa hapo kando ya goti lake, na hakutaka kujua kama maji yamechafuka au bado ni safi.